Kaka ameuza shamba la marehemu baba: binti aliyeolewa aanzie wapi?

Swali, kwa ufupi: "Kamwene. Ni binti wa pili kati ya watoto wanne, nimeolewa Makambako. Baba yetu alifariki Juni 2021 kijijini kwetu, wilaya ya Mufindi, bila wosia. Aliacha ekari 18: sita za nyumbani anakoishi mama, na kumi na mbili za misindano, miti ya mbao aliyoipanda 2009 kwenye eneo alilolinunua kwa jirani mwaka 1996. Mwaka 2024 kaka mkubwa aliziuza zile kumi na mbili kwa mtu wa Dar es Salaam. Mama aliambiwa aweke dole gumba, akaweka. Nilipouliza, baba mdogo alinijibu kuwa binti aliyeolewa harithi ardhi ya ukoo, na kwamba kijiji kimeshagonga mhuri. Je, nimechelewa?"

Hujachelewa, dada. Na aliyokuambia baba mdogo si sheria ya nchi hii, ingawa yamesemwa kwenye vikao vya ukoo kwa miaka mingi mpaka watu wengi wanayachukua kuwa ndiyo. Haki yako ipo. Kinachowaangusha wengi walio katika hali yako ni mpangilio: wanaanza na hatua ya nne, wanafukuzwa, wanaishiwa nauli, wanakata tamaa. Kwa hiyo nitakueleza kwanza sheria inasemaje, kisha nini kinatangulia nini.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inasema katika kifungu cha 20 kuwa kanuni yoyote ya mila, na uamuzi wowote unaofanywa kwa kufuata mila, ni batili kama unamnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Haisemi mwanamke asiyeolewa. Ndoa yako ya Makambako haikukuondoa kuwa mtoto wa baba yako.

Hata sheria za mila zenyewe hazisemi anavyodai baba mdogo. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinawaweka warithi katika madaraja, na mabinti wako daraja la tatu, chini ya wavulana. Hilo ni la kuumiza, na ni haki ulijue mapema, maana upande wa pili unaweza kulitumia kukupunguzia fungu. Lakini daraja la tatu bado ni daraja la mrithi. Katazo la kanuni zile lilihusu kuuza ardhi ya ukoo: mwanamke aliruhusiwa kuitumia maisha yake yote, asiiuze. Katazo hilo nalo lilipigwa chini mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza ilipoamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake. Jaji Mwalusanya alisema haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba haziruhusu mwanamke kuwekewa masharti ambayo mwanamume hawekewi.

Kwenu kuna jambo jingine linalokusaidia zaidi. Ekari zile kumi na mbili baba alizinunua. Ardhi ya ukoo ni ile iliyoshuka kutoka kwa mababu. Alichokinunua mtu kwa fedha yake ni mali yake ya kuchuma, na kama alikichuma akiwa na mama, mama ana jasho lake humo hata kabla hatujaanza kuzungumzia urithi. Tafuta karatasi ya mauziano ya 1996. Ikiwa imepotea, mtafute jirani aliyeuza au watoto wake, na waliokuwa mashahidi siku ile. Mkazo wa ushahidi wako uanzie hapo.

Sasa mhuri. Omba nakala ya karatasi ya mauziano ya 2024, uisome taratibu, mstari kwa mstari. Angalia nani ameandikwa kuwa muuzaji: marehemu, kaka kwa jina lake, au kaka "kwa niaba ya familia". Angalia mhuri ni wa nani. Mara nyingi sana unakuta ni wa mwenyekiti wa kitongoji, au ni wa mtendaji wa kijiji aliyesaini kama shahidi tu. Hiyo si idhini. Kuhamisha haki ya kimila ya ardhi kunahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji, yaani kikao cha wajumbe ambao kwa sheria huwa kati ya 15 na 25, kilichokaa, kikajadili, kikaandika muhtasari. Mwenyekiti peke yake siyo halmashauri, hata akigonga mihuri mitatu. Mahakama ya Rufani imekuwa ikisema tangu 1985 kuwa mauziano ya ardhi ya kijiji yasiyo na kibali hicho hayahamishi kitu.

Kwa hiyo andika barua kwa mtendaji wa kijiji kuomba nakala ya muhtasari wa kikao kilichojadili mauziano hayo. Ukipewa, linganisha tarehe ya kikao na tarehe ya mauziano, hesabu waliosaini, na muulize mjumbe mmoja mmoja kama alikuwepo. Usipopewa, barua yako isiyojibiwa nayo ni ushahidi. Na hata kama kikao kilikaa kweli, kifungu cha 30 cha sheria ileile kinaizuia halmashauri kuridhia uhamisho ambao utamnyima mwanamke haki yake ya kukalia ardhi, ikiwemo haki ya kurithi kutoka kwa anayehamisha. Wenyeviti wengi wa vijiji hawajawahi kukisoma kifungu hicho. Kichapishe, ukibebe.

Lakini hoja yenye nguvu kuliko zote ni nyepesi: kaka aliuza akiwa nani? Mtu akifa, mali yake haimwangukii mtoto wa kwanza. Inasubiri msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Asiye na mamlaka juu ya ardhi hawezi kumpa mwingine mamlaka hayo, hata kama mnunuzi alilipa fedha halali na kwa nia njema.

Ndiyo maana kabla ya yote nenda Mahakama ya Mwanzo inayohudumia kijiji alichokuwa akiishi baba, uulize kama kuna shauri la mirathi lililofunguliwa kwa jina lake. Siyo mahakama ya Makambako, maana mamlaka yanafuata makazi ya marehemu. Jibu utakalopewa linagawa njia mbili.

Ukikuta kaka aliteuliwa kimyakimya na akauza akiwa msimamizi halali, kazi yako ni ngumu zaidi. Mnunuzi aliyenunua kwa nia njema kutoka kwa msimamizi anaweza kulindwa, na dai lako likamwelekea kaka: alete hesabu, agawe fedha. Hapo utaomba mahakama itengue usimamizi wake kwa sababu za msingi. Sababu huwa hazikosekani. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, msimamizi anatakiwa kuwasilisha Fomu Namba 5, orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, kisha Fomu Namba 6, hesabu ya mgawanyo. Omba jalada likaguliwe: fomu hizo zipo? Ekari kumi na mbili zimeandikwa? Umetajwa kati ya warithi? Ukiona uamuzi wa mahakama hiyo umekuumiza, rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ni ndani ya siku 30.

Ukikuta hakuna shauri lolote, na vijijini kwetu ndivyo ilivyo mara nyingi, basi kaka aliuza akiwa hana mamlaka yoyote. Fungua mirathi wewe. Utahitaji cheti cha kifo. Kama baba alifia nyumbani na kifo hakikusajiliwa, anza na mtendaji wa kijiji, kisha ofisi ya usajili ya wilaya. Utahitaji pia majina ya warithi wote, na kwa desturi ya mahakama zetu, muhtasari wa kikao cha ukoo unaokupendekeza.

Muhtasari huo ndio unaowatisha akina dada, kwa sababu ukoo uko upande wa kaka. Tambua hili: kikao cha ukoo ni utaratibu mzuri unaomrahisishia hakimu kazi, lakini si sharti la sheria. Sheria inasema mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi anaweza kuomba, na mahakama ikiona familia imegawanyika inaweza kumteua mtu mwaminifu asiyeegemea upande wowote. Waalike kwa barua. Wakikataa kukaa, peleka nakala za barua na ueleze walivyokataa. Mama akikuunga mkono, pamoja na mdogo wako mmoja, hakimu atakuwa na cha kushika. Mahakama itabandika tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kaka bila shaka atajitokeza. Usiogope. Pingamizi husikilizwa kwa ushahidi, na ushahidi wa kwamba muombaji ni mwanamke haupokelewi popote.

Hapa kuna kona moja ya kisheria. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata mila au dini ya Kiislamu. Kama baba alikuwa Mkristo, upande wa pili unaweza kudai shauri liende mahakama ya juu. Hakimu ataangalia namna marehemu alivyoishi. Mkulima aliyeishi kijijini, akishirikiana na ukoo katika mambo ya kimila, kwa kawaida hubaki Mahakama ya Mwanzo hata kama alikuwa mzee wa kanisa.

Wakati mirathi inaendelea, shamba lisiachwe wazi. Wiki hiihii andika barua moja kwa Halmashauri ya Kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa Afisa Ardhi wa wilaya. Sema: eneo hili ni mali ya marehemu fulani, mirathi haijagawanywa, mauziano yanapingwa, naomba hati yoyote ya hakimiliki ya kimila isitolewe wala kusajiliwa juu yake. Peleka kwa mkono. Kwenye nakala yako ugongewe mhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Barua isiyo na mhuri huo, siku ya shauri, ni sawa na barua ambayo haikuandikwa.

Kisha nenda shambani, maana huko ndiko fedha ilipo. Misindano ya 2009 ilikuwa na miaka 15 ilipouzwa. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja hubeba kama miche 450, kwa hiyo ekari kumi na mbili zilianza na miche takribani 5,400, toa iliyokufa na iliyopunguzwa. Thamani ya miti hiyo inaweza kuipita mara kadhaa thamani ya udongo unaoibeba. Rudi kwenye karatasi: inasema imeuzwa miti, au shamba, au vyote? Nyanda zetu za juu huku watu huuza miti iliyosimama na kubaki na ardhi, na wengine huuza ardhi wakibakiza haki ya kuvuna. Karatasi iliyoandikwa "ekari 12" tu, pasipo neno juu ya miti, inaacha mwanya mkubwa wa kubishania. Ekari nazo zipimwe. Za kwetu huhesabiwa hatua 70 kwa 70, na hatua za mtu mrefu si za mtu mfupi. Ekari ni mita za mraba 4,047. Tumia tepu, au kifaa cha kuchukua alama za eneo kama msaidizi wa kisheria au afisa wa kijiji anacho.

Ikiwa miti imesimama, ihesabu kwa mistari, piga picha zinazoonyesha eneo na wapakana, na uwe na shahidi. Ikiwa dingidongi, zile mashine za kupasulia mbao, zimeshaingia, hesabu visiki, na uvihesabu sasa. Pima upana wa kila kisiki kwa tepu, andika kwenye daftari mstari kwa mstari, omba afisa misitu wa wilaya aje athibitishe. Kiangazi kikikolea watu huchoma mashamba kabla ya kupanda upya, visiki huungua, na pamoja navyo huungua dai lako la thamani ya miti. Mbao pia zilitoka na makaratasi: hati za kusafirishia mazao ya misitu, zile madereva wanazoziita TP, zinaonyesha jina la mwenye mzigo na kiasi. Mahakama au baraza la ardhi linaweza kuamuru zitolewe.

Ukishashika barua ya usimamizi mkononi, sasa unaweza kudai ardhi. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo kosa linaloua mashauri mengi mazuri: mrithi anakimbilia baraza kwa jina lake mwenyewe, anamaliza mwaka na nusu akitoa ushahidi, halafu shauri linafutwa kwa sababu mwenye haki ya kudai mali ya marehemu ni msimamizi wake. Fungua ukijitambulisha hivyo: fulani, msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani.

Unaanza na usuluhishi. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao angalau wakiwa wanawake. Kazi yake ni kupatanisha, haliwezi kukuamulia. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, halina tena nguvu ya kuhukumu mashauri ya ardhi. Linasuluhisha, na likishindwa linakupa cheti cha kusema limeshindwa. Cheti hicho ni lazima kabla ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, isipokuwa siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, hapo unaruhusiwa kuendelea bila cheti. Kwa hiyo tunza nakala ya lalamiko lako la kata yenye tarehe ya kupokelewa. Na kama kuna baraza la kata litakalokuambia "tumeamua shamba ni la kaka", uamuzi huo hauna uzito wa hukumu. Usikae nao nyumbani ukilia.

Kwenye Baraza la Wilaya washtaki kaka na mnunuzi kwa pamoja. Ukimshtaki kaka peke yake, mnunuzi atakuja kusema hakusikilizwa na shauri litarudi mwanzo. Eleza eneo kwa ukamilifu: kijiji, kitongoji, ukubwa, na wapakana wa pande nne kwa majina. Shamba lisiloelezwa vizuri haliwezi kukabidhiwa hata ukishinda. Pamoja na shauri, weka maombi ya zuio la muda yenye kiapo, ili mnunuzi asikate, asiuze, asichome mpaka shauri liishe. Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza sasa, andika kwa Kiswahili, usilipe mtu kukutafsiria.

Je, ushitaki na kijiji kwa kugonga mhuri? Pima kwanza. Tangu 2020, kuishtaki serikali ya mitaa kunataka notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri kwenda Mahakama Kuu. Kama halmashauri ya kijiji haikukaa kabisa, kwa maoni yangu ni bora wajumbe wake waje kwako kama mashahidi kuliko kuwa wadaiwa. Mjumbe anayesema "sikuitwa kwenye kikao chochote" anakusaidia kuliko kijiji kizima kilichowekwa upande wa pili. Ila ukikuta halmashauri ilikaa, ikaridhia, na inatetea ilichofanya, mwone wakili kabla ya kufungua chochote, kwa sababu kuiacha nje huenda kukaharibu shauri.

Kuhusu muda: dai la kurudisha ardhi lina miaka 12, na kwa mali ya marehemu huanza kuhesabiwa siku ya kifo. Kwenu ni mpaka Juni 2033. Hiyo isikulaze. Miti haitasubiri 2033, wala mashahidi wa 1996. Ukishindwa kwenye Baraza la Wilaya, rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45, na hapo siku huhesabiwa kweli kweli. Omba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa.

Polisi je? Kama saini au muhtasari umeghushiwa, ni kosa la jinai na una haki ya kuripoti. Lakini kesi ya jinai inamwadhibu mtu, hairudishi shamba, na ukishampeleka kaka yako mahabusu mlango wa usuluhishi hufungwa kwa mama pia. Ningeiweka mwisho.

Tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi, na hawaruhusiwi kukutoza. Uliza kwenye halmashauri ya wilaya walipo waliosajiliwa. Atakusaidia kujaza fomu na kuandika barua. Hawezi kukuwakilisha kama wakili, na akikuambia anaweza, mwache.

Limebaki la mama. Dole gumba lake kwenye ile karatasi lisikukatishe tamaa. Kaa naye bila kaka kuwepo, umuulize: ulisomewa? Uliambiwa ni karatasi ya nini? Ulipewa fedha, kiasi gani? Andika majibu yake kwa maneno yake, na kama afya yake si nzuri, mpeleke kwa kamishna wa viapo ayatamke kama kiapo. Mjane asiyejua kusoma aliyeweka dole kwenye asichosomewa anaweza kusimama na kusema hakuuza kitu. Na hata angekuwa ameridhia, ridhaa yake haiwezi kuuza fungu lako.

Zile ekari sita anazoishi nazo zianze kulindwa sasa, kwa sababu aliyeuza kumi na mbili anajua njia ya kuuza sita. Mirathi ikishagawanywa, mama aombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake kwenye Halmashauri ya Kijiji, ambayo inatakiwa kujibu ndani ya siku 90. Wapakana wataitwa kuonyesha mipaka, hati itasainiwa na mwenyekiti na mtendaji, kisha Afisa Ardhi wa wilaya ataisaini na kuisajili. Nakala moja hubaki wilayani, moja kwenye masjala ya kijiji, moja kwa mama. Ya mama msiiweke nyumba moja na kaka.